Tuutafute Wimbo wa Pili

Kwa miaka mingi, mgeni aliyeshuka kutoka kwenye ndege katika uwanja ulioko Port Reitz, Changamwe, hakuhitaji kungoja sana kabla ya kuusikia. Kama si hapo uwanjani, basi ni ndani ya gari lililokuja kumchukua. Na kama si garini, basi ni jioni yake ya kwanza hotelini, awe amevuka feri ya Likoni akaelekea Diani, au ameshika daraja la Nyali akapita Kisauni kwenda Bamburi na Shanzu. Wimbo huo ni "Jambo Bwana". Sisi tuliolelewa ng'ambo hizi za Mombasa, nje ya kisiwa, tuliujua kabla ya kujua kusoma. Tuliuimba tukirudi kutoka shuleni, tukawaigiza wapiga gitaa kwa vijiti, bila kujiuliza umetoka wapi.

Hivi karibuni niliwauliza wanafunzi wenzangu kadhaa wa Kiswahili swali lililoonekana jepesi: ni nani waliourekodi wimbo huo kwa mara ya kwanza, na ni wimbo gani mwingine wa watu hao mnaoujua? Sehemu ya kwanza ya swali ilijibiwa na wachache. Sehemu ya pili ilifuatwa na kimya. Kimya hicho ndicho kilichonifanya nishike kalamu, kwa kuwa walionyamaza si wageni waliokuja kuota jua kwa siku kumi na nne. Ni watu wanaosomea lugha hii na fasihi yake, na baadhi yao wamezaliwa mwendo wa nusu saa tu kutoka mahali ambapo wimbo huo ulikuwa ukipigwa kila usiku.

"Jambo Bwana" ulitungwa na Teddy Kalanda Harrison, ukarekodiwa mwaka 1982 na bendi yake ya Them Mushrooms. Bendi hiyo ilianzishwa Mombasa mwaka 1969, naye Teddy akiwa pamoja na ndugu zake, kwa jina la Avenida Success. Mwaka 1972 ikabadili jina. Katika muda wa miaka mitano wimbo huo uliuzwa nakala zaidi ya 200,000, na mwaka 1987 bendi ikatuzwa santuri ya platinamu. Mombasa Roots na Safari Sound Band nao waliurekodi. Kundi la Boney M., lililoundwa Ujerumani, liliutoa kwa sura yake mwaka 1983. Mtunzi alipofariki mwaka 2024, wengi wetu tulimlilia kwa jina la wimbo huo mmoja, kana kwamba maisha yake yote yalikuwa dakika nne.

Lakini bendi hiyo imedumu zaidi ya nusu karne. Ilipiga "Embe Dodo", ikapiga "Nyambura", ikashirikiana na Malika katika taarabu, ikamrudisha jukwaani Fundi Konde, yule mkongwe wa gitaa aliyezaliwa mwaka 1924 na kufariki mwaka 2000, ili kizazi kipya kimsikie. Baadaye ikajiita Uyoga. Watu waliofanya kazi kwa muda huo wote hawawezi kuwa na wimbo mmoja. Wenye wimbo mmoja ni sisi.

Hilo ndilo dai la makala haya, nami naomba nilifafanue. Mwimbaji wa wimbo mmoja hayuko. Yuko msikilizaji wa wimbo mmoja.

Waingereza, ambao ni mabingwa wa kuhesabu mambo ya burudani, wana jina maalumu la mwimbaji aliyevuma mara moja akazimika. Tangu Novemba 1952, jarida la New Musical Express lilipochapisha orodha ya kwanza ya santuri zilizouzwa zaidi nchini humo, nyimbo zimekuwa zikipangwa kila juma kwa mauzo yake. Mashabiki wa orodha hizo wamejiwekea sharti kali: jina hilo halipewi ila yule aliyefika nafasi ya kwanza mara moja, kisha asionekane tena popote katika orodha, hata katika nafasi ya mkiani. Mfano unaotajwa sana ni wa Wamarekani wawili, Zager na Evans, ambao wimbo wao "In the Year 2525" ulishika nafasi ya kwanza Marekani na Uingereza mwaka 1969. Baada ya hapo orodha ya Uingereza haikuwaona tena. Ni mchezo wa hesabu, na kama hesabu hauna kosa.

Kosa huanza pale tunapodhani kwamba hesabu ya orodha ndiyo hesabu ya mtu. Tazama mfano ulio karibu nasi. Mwaka 1968 kundi la Kiingereza la The Tremeloes liliimba "Helule Helule", wimbo wa Daudi Kabaka wa Kenya, ukafika nafasi ya 14 katika orodha ya Uingereza. Kwa mujibu wa orodha hiyo, Kabaka ni jina dogo lililoandikwa ndani ya mabano chini ya wimbo mmoja wa watu wengine. Kwa mujibu wa redio zetu za enzi hizo, Kabaka ni gwiji aliyewachezesha watu twisti kutoka Kisumu hadi Mombasa, mwenye "Msichana wa Elimu" na nyingine nyingi. Mtu ni yuleyule. Kilichobadilika ni anayehesabu.

Sasa, sisi pwani hatukuwa na orodha ya kila juma ya mauzo ya santuri. Je, ni nini basi kilichotuzalia waimbaji tunaowajua kwa wimbo mmoja? Naona jibu liko katika tofauti ya kumbi mbili ambazo zimewalisha wanamuziki wa Mombasa kwa miaka mingi: ukumbi wa hoteli na ukumbi wa harusi.

Hotelini, hadhira hubadilika. Mtalii hufika, hukaa juma moja au mawili, huondoka, na kitanda chake hulaliwa na mwingine. Kila kundi la wageni linausikia wimbo kwa mara ya kwanza. Meneja wa hoteli hana haja ya wimbo mpya, kwa kuwa wa zamani haujamchosha mgeni yeyote. Aliyechoka ni mpiga gitaa pekee. Bendi ikijaribu kutia utungo mpya katikati ya usiku, meza zinanyamaza, na aliye mbele anaomba ule anaoujua, yaani ule ambao jirani yake aliyekuja mwaka jana alimsimulia. Hivyo wimbo mmoja hupigwa jana, leo na kesho, hata ukawafunika ndugu zake wote. Si kwamba nyingine hazikutungwa. Hazikuombwa.

Harusini mambo ni kinyume. Wanawake wanaohudhuria harusi ya Likoni Jumamosi hii ndio watakaokutana Kisauni juma lijalo na Changamwe mwezi ujao. Wanajua ni wimbo gani uliimbwa, na nani, na kwa fumbo la kumlenga nani. Msanii anayerudia maneno yaleyale msimu mzima haondoki na tuzo mikononi, bali huondoka na minong'ono mgongoni. Fumbo likishafumbuliwa halina makali tena, hutakiwa jingine. Ndiyo maana Juma Bhalo, Maulidi Juma, Zein l'Abdin na Zuhura Swaleh hatuwezi kuwataja kwa wimbo mmoja hata tungetaka. Nyuma yao walikuwapo watunzi ambao hadhira haikuwapa nafasi ya kulala, akiwemo Ahmad Nassir, mwandishi wa Malenga wa Mvita ya mwaka 1971, ambaye baadhi ya mashairi yake yaliimbwa na Juma Bhalo.

Kwa ufupi, msikilizaji yuleyule hutaka wimbo mpya. Msikilizaji mpya hutaka wimbo uleule. Wahenga walisema mcheza kwao hutunzwa. Naongeza kwamba mcheza kwao husukumwa pia, kwa kuwa wa kwao wanamjua na hawamkubalii jana yake. Mcheza ugenini hutunzwa kwa kitu kimoja, na hicho kimoja humla.

Wimbo unaweza kumla mwenyewe hata kwa njia nyingine. "Malaika" ulirekodiwa na Fadhili William na bendi yake ya Jambo Boys mwaka 1960. Baadaye ukaimbwa na Miriam Makeba, ambaye alishirikiana na Harry Belafonte katika albamu ya mwaka 1965, Boney M. wakauimba mwaka 1981, na Angelique Kidjo mwaka 1991. Nani aliutunga? Wengi humtaja Fadhili. Wengine humtaja Adam Salim wa Tanzania, na mjadala huo haujakwisha ingawa Fadhili alifariki mwaka 2001. Hapa wimbo umekuwa mkubwa kiasi kwamba watu wanagombea uzazi wake, lakini hakuna anayegombea nyimbo nyingine za watu hao. Jiulize, ndugu msomaji: kama tungekuwa na tungo kumi za kila mmoja wao, zimeandikwa vizuri pamoja na mwaka na mahali, je, mjadala ungekuwa mgumu hivi? Mtunzi ana mkono wake, ana misamiati anayoipenda, ana namna yake ya kukata mshororo. Wanafunzi wa fasihi tumefundishwa kuitambua mikono hiyo. Hatuwezi kuitambua kwa kipande kimoja, kama vile fundi hawezi kujua mshono wa mwenzake kwa kutazama kifungo.

Pengine mtu atasema kwamba kuwa na utungo mmoja si aibu, na kwamba fasihi yetu ya kale inathibitisha hivyo. Nakubaliana naye kabisa. Mwana Kupona wa Pate tunamsoma kwa utenzi mmoja wa beti 102, aliomtungia bintiye mwaka 1858. Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir tunamsoma hasa kwa Al-Inkishafi. Hakuna mhadhiri aliyethubutu kuwaita watu hawa wasanii waliobahatisha. Kazi moja ikiwa na uzito wa kutosha, inatosha kumweka mtu katika orodha ambayo haifutwi kila juma.

Hata hivyo, mfano huo unanipa nguvu zaidi ya kuuliza. Je, yule mama aliyeweza kupanga vina na mizani kwa ustadi ule, akiwa mgonjwa, aliamka siku moja akatunga kwa mara ya kwanza maishani mwake? Mkono ule ulikuwa umezoea. Tuliokosa mazoezi yake ni sisi. Na tunajua kwamba hasara ya namna hiyo si lazima itokee, kwa kuwa Mombasa yenyewe ina mfano wa mtu aliyeokolewa. Muyaka bin Haji alifariki karibu na mwaka 1840. Mashairi yake mafupi yalikuwa vinywani mwa watu, na vinywa hufa. Mwishoni mwa karne hiyo Mwalimu Sikujua bin Abdallah aliyakumbuka na kuyaandika, akishirikiana na mmishonari W. E. Taylor, mwaka 1940 William Hichens akachapisha diwani yake, na mwaka 1979 Mohamed Abdulaziz akatupa kitabu cha uchambuzi ambacho tunakitegemea hadi leo. Bila Mwalimu Sikujua, Muyaka angekuwa kwetu beti mbili tatu za kukumbukia vita, yaani mshairi wa wimbo mmoja. Tofauti kati ya Muyaka wa diwani na Muyaka ambaye angesahaulika ni mtu mmoja aliyekaa kitako na kuandika.

Nitamtaja mzee mmoja wa mtaa wetu wa Mikindani, bila ya jina kwa kuwa hakuniruhusu kulitaja. Alipiga gitaa katika hoteli za pwani ya kaskazini kwa zaidi ya miaka ishirini. Nilipokuwa mdogo tulimwita "Mzee Jambo", na tulidhani tunamsifu. Nilipokwenda kumwamkia likizo iliyopita nikamweleza kwamba ninasomea Kiswahili, aliingia ndani akatoka na daftari la shule lililofungwa kwa uzi. Ndani yake mlikuwa na tungo zake mwenyewe, nyingine za Kiswahili, nyingine zilizochanganywa na Kigiriama, kuhusu feri iliyochelewa, mke aliyekwenda zake, mvua ya mwaka fulani, na kijana aliyempenda mzungu. Nilimuuliza alizipiga wapi. Akacheka, akaniambia, "Mwanangu, hizi nilizipiga saa kumi za usiku, wageni wakishalala, tukingoja gari la kuturudisha." Kisha akaongeza neno ambalo sijaweza kulisahau: mimi ndiye mtu wa kwanza kumwomba wimbo tofauti.

Nilikuwa na daftari mkononi, na wino wa kurasa za mwanzo ulikuwa umekwishaanza kupotea kwa unyevu. Sikuwa na chombo cha kunasia sauti. Sikujua hata niulize nini. Miaka mitatu ya kusoma fasihi simulizi ilinifundisha kuorodhesha aina za nyimbo: bembea, hodiya, wawe, nyiso, mbolezi. Ilinifundisha kwamba wimbo wa jadi hauna mtunzi anayejulikana na kwamba ni mali ya jamii nzima. Kauli hiyo ina ukweli wake, lakini imetuzoesha vibaya. Imetufanya tumwone mtunzi aliye hai, mwenye jina, anwani na daftari, kama kwamba hayumo katika somo letu: si mwandishi wa kutosha kuingia katika fasihi andishi, wala si marehemu wa kutosha kuingia katika fasihi simulizi.

Hapa sina budi kulikabili pingamizi ambalo nimelisikia kutoka kwa baadhi ya wapenzi wa lugha. Wanasema wimbo kama "Jambo Bwana" haustahili kushughulikiwa na wasomi kwa kuwa umeharibu Kiswahili. Kila mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anajua kwamba Mswahili huamkiwa "hujambo" naye hujibu "sijambo", kwamba hapo mna ukanushi, yaani huna jambo linalokusumbua. Na kwamba "jambo" peke yake ni nomino tu, shauri au habari. Hilo ni kweli. Lakini salamu hiyo iliyokatwa ilikuwapo vinywani mwa walowezi na wageni miaka mingi kabla ya 1982. Mtunzi wa pwani hakuizusha. Aliikuta hotelini, akaijengea wimbo. Tukimlaumu yeye tutakuwa tumemlaumu kinyozi kwa upara wa mteja. Mgala muue na haki yake umpe.

Jambo linalonitia wasiwasi zaidi si sarufi ya wimbo ule. Ni kwamba yaliyompata mwimbaji yameanza kuipata lugha yenyewe. Nje ya Afrika Mashariki, Kiswahili kimekuwa lugha ya wimbo mmoja. Dunia inakijua kwa salamu moja na kwa maneno mawili ya kukana matata, ambayo kampuni ya Disney iliyatia katika filamu yake ya mwaka 1994 na hata kuyasajili Marekani kama alama yake ya biashara. Mwaka 2021 UNESCO iliitangaza tarehe 7 Julai kuwa Siku ya Kiswahili Duniani, nasi tukashangilia kwa haki. Lakini siku hiyo ikifika, tazama ni nini hupigwa kwenye vipaza sauti. Lugha yenye Muyaka, yenye Mwana Kupona, yenye tenzi na riwaya na mafumbo ya harusi za Likoni, hupandishwa jukwaani ili iimbe ule wimbo wageni wanaoujua. Nasi wenyewe ndio tunaouomba.

Pingamizi la pili lina uzito zaidi. Huenda, mtu atasema, nyimbo nyingine zilisahaulika kwa sababu zilikuwa dhaifu. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Sikatai kwamba mtunzi anaweza kuwa na wimbo mmoja bora na kumi za kawaida. Kusoma kazi zote za mtu si kusema kwamba zote ni sawa. Lakini hukumu hutanguliwa na kusikiliza shauri. Methali hiyo ya kizuri hufaa sokoni ambapo bidhaa zote zimepangwa mbele ya mnunuzi. Wimbo uliopigwa saa kumi za usiku wageni wakiwa wamelala haukufika sokoni. Hatuna haki ya kusema haukununuliwa.

Na tusidhani kwamba mambo haya ni ya wazee pekee. Hivi sasa kijana wa Kisauni hurekodi chumbani mwake, wimbo wake ukasambaa kwa simu katika siku chache, ukapigwa kwenye matatu zote za barabara ya Mtwapa, kisha kikawa kimya. Simu imekuwa hoteli mpya: kila dakika ina mgeni mpya, na mgeni mpya hutaka kile alichosimuliwa. Kijana huyo akitoa wimbo wa pili ulio tofauti, anaambiwa amepotea njia. Akitoa unaofanana na wa kwanza, anaambiwa amekwisha. Sisi wasomi tunaweza kumpa kitu ambacho simu haimpi, nacho ni hadhira isiyoondoka.

Kwa hiyo napendekeza jambo moja linalowezekana. Chama chetu kinafunga kila likizo ndefu, na wanachama hurejea makwao. Kila mwanachama amtafute mtunzi au mwimbaji mmoja katika mtaa wake, anayejulikana kwa wimbo mmoja, amwombe wimbo wa pili. Mmoja tu. Anase sauti yake kwa simu aliyo nayo. Ayaandike maneno yote kama yalivyotamkwa, kwa Kimvita, Kidigo, Kigiriama au mchanganyiko wowote, bila kuyanyoosha yafanane na Kiswahili cha vitabuni. Aandike jina la mtunzi, mahali wimbo ulipotungwa, mwaka kadiri unavyokumbukwa, na sababu ya kutungwa kwake. Arudi na nakala moja ya kuwekwa katika maktaba ya idara, na nakala nyingine aiache mikononi mwa mwenyewe.

Hilo la mwisho si adabu tu. Sheria ya hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 humlinda mtunzi maisha yake yote na miaka 50 baada ya kifo chake, awe alisajili au hakusajili. Wimbo ulioko katika daftari la Mikindani una mwenyewe, na utakuwa na warithi. Ole wetu tukienda kuokoa nyimbo za wazee kisha tukawa sisi ndio wa kuwapokonya. Tuombe idhini, tuiandike, na tusichapishe kisichoruhusiwa. Maandishi yetu yenye tarehe na jina yanaweza kuwa ndiyo ushahidi utakaowafaa watoto wao siku wimbo huo utakaposikika ugenini ukiimbwa na mtu mwingine.

Kwa wahadhiri wetu nina ombi dogo. Katika orodha za usomaji za kozi ya ushairi na ya fasihi simulizi, iwepo nafasi ya mtunzi mmoja wa nyimbo aliye hai au aliyefariki karibuni, asomwe kwa jina lake na kwa tungo zake kadhaa, kama tunavyomsoma Muyaka. Tumsome Teddy Kalanda kwa "Embe Dodo" pamoja na ule mwingine. Tuiulize mitihani yetu swali ambalo hoteli haikuliuliza kamwe.

Nami nimekwisha kujipangia zamu yangu. Nimeahidi kurudi Mikindani likizo ijayo nikiwa na chombo cha kunasia sauti na daftari jipya la kunakilia. Mzee aliniuliza nitataka kuanza na upi. Nilimwambia aanze na wowote, ila ule mmoja tuuache mwishoni, tuuimbe pamoja tukishamaliza.